Mvumilivu Yupi Hula Mbivu?

Tangu nianze kujifunza Kiswahili, hakuna methali niliyoiandika mara nyingi kuliko "Mvumilivu hula mbivu". Niliiandika katika insha za sekondari, nikaiandika katika mitihani, na kila nilipoiandika nilipata alama. Mwaka jana, nyumbani kwetu Mukono, nilianza kuiogopa. Sisemi kwamba methali hii ni ya uongo. Niliona tu kwamba inaweza kusemwa na mtu mmoja, ikavumiliwa na mwingine, na mbivu zikaliwa na wa tatu. Swali langu katika insha hii ni hili: je, mtu ana haki ya kutumia leo ya wenzake ili ajenge kesho, hata kama kesho hiyo ni ya wote? Nitalijibu kwa kueleza tulivyokula na tulivyolala katika miezi tisa ya kuongeza nyumba yetu, kwa sababu hapo ndipo swali liliponikuta.

Nyumba yetu ilikuwa na sebule na vyumba viwili vya kulala. Nyuma yake palikuwa na jiko la matofali mabichi, lenye mabati yaliyotoboka. Tulikuwa watu saba: baba, mama, bibi mzaa baba, mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa darasa la saba, na wadogo wawili wa kiume. Mimi hukaa Kampala wakati wa masomo na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Baba ni karani. Mama anauza nyanya na vitunguu kwenye kibanda kando ya barabara.

Baba aliweka akiba kwa miaka mingi. Mwezi wa Februari alituita sebuleni akatuonyesha mchoro: vyumba vitatu vipya upande wa nyuma, na paa jipya juu ya nyumba nzima. "Ni wiki sita tu," alisema. "Tuvumilie wiki sita." Tulipiga makofi, na mama naye alipiga. Nilipoiangalia karatasi ile baadaye niligundua kwamba vyumba vipya vilichorwa pale pale jiko liliposimama, na jiko jipya halikuchorwa popote. Pembeni paliandikwa kwa penseli maneno mawili: "Jiko baadaye."

Fedha za kupanga nyumba nyingine hazikuwepo, kwa hiyo tulijenga huku tukiishi humo humo. Wasomaji wengi wanajua maana yake, kwa sababu ndivyo watu wengi wa kwetu wanavyojenga: kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara, watu wakiwa ndani. Jiko lilibomolewa siku ya tatu. Wiki ya pili ukuta wa nyuma wa chumba cha bibi ulitobolewa ili upitishwe mlango, na wiki ya nne chumba cha watoto kikaondolewa mabati. Vitu vyote vikahamia sebuleni. Humo mlikuwa na kitanda cha bibi, magodoro, viti vilivyopandishwa juu ya viti, masanduku, baiskeli, sufuria ndani ya beseni chini ya kitanda, misumari kwenye kopo la maziwa, na nguo kwenye magunia ambayo hakuna aliyekumbuka lipi lilikuwa la nani. Chumvi ilikaa ndani ya boksi la viatu. Kutafuta kijiko kulikuwa safari. Kitabu cha marudio cha mdogo wangu kilipotea wiki mbili, kikaonekana chini ya rundo la nondo fupi, kimelowa. Hakuwa amemwambia mtu. Alisema aliona kila mtu anatafuta kitu, akaona aibu kuongeza chake.

Kuna kitu kimoja katika msongamano ule ambacho sijaweza kukisahau. Saruji haipendi unyevu. Mfuko ukiwekwa chini, hunyonya maji kutoka sakafuni, na baada ya siku chache unakuwa na jiwe badala ya unga. Kila fundi anajua hivyo, na fundi wetu alimwambia baba atafute mbao za kuinulia mifuko. Baba alizunguka uwanja mzima akakosa mbao za ukubwa ule. Mwishowe alichukua mbao za kitanda cha wadogo zangu wa kiume, akazipanga kwenye kona ya sebule, akaweka juu yake mifuko 12. Wadogo zangu walilala kwenye godoro sakafuni. Niliporudi Ijumaa ile nilimsaidia baba kusogeza mifuko isiguse ukuta. Niliona ni kazi nzuri, iliyofanywa kwa akili. Bibi ndiye aliyecheka na kusema kwamba katika nyumba yetu saruji ilikuwa imepata kitanda na watoto wamepata sakafu. Tulidhani ni utani.

Sasa niseme juu ya chakula, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha zaidi. Asiyetoka Buganda huenda hajui matoke yetu yanavyopikwa. Ndizi humenywa kwa kisu, hufungwa ndani ya majani ya mgomba, huwekwa kwenye sufuria juu ya vikonyo vya majani hayo ili maji yasiziguse, na huiva kwa mvuke. Zikiiva hubinywabinywa zikiwa bado ndani ya majani, kisha hurudishwa motoni zikae. Ni kazi ya saa kadhaa. Inataka moto usioyumba, mahali pa kukaa, na mtu ambaye haitwi kila dakika. Mama alikuwa na turubai lililofungwa kwenye miti minne, na chini yake sigiri mbili za mkaa. Upepo ukija, moto uliyumba. Mvua ikija, alihamisha sigiri hadi kwenye ukumbi, na mafundi wakija na toroli, alizihamisha tena. Kwa miezi tisa hatukula matoke ya kufunga hata mara moja. Tulikula posho, yaani ugali, kwa maharage, na siku nyingine tulikula katogo. Katogo ni ndizi zinazopikwa pamoja na karanga au maharage au utumbo, kila kitu katika sufuria moja. Kwetu neno hilohilo hutumika pia kwa mambo yaliyovurugika. Bibi alipoulizwa na majirani habari za nyumbani alijibu: "Katogo." Hakuna aliyejua kama alikuwa akitaja chakula au maisha.

Mafundi walikuwa wawili na vibarua watatu. Kwa mapatano, baba aliwalipa kwa siku na kuwapa chai ya saa nne na chakula cha mchana. Walikula kwanza. Baba alikuwa na hoja, na haikuwa hoja mbaya: fundi mwenye njaa hujenga ukuta uliopinda, na ukuta uliopinda utakaa miaka 50. Mtoto akichelewa kula saa moja, saa hiyo itasahaulika. Hivyo sahani za kwanza zikawa za mafundi, na zilizobaki zikawa za nyumbani. Kama chakula kilitosha, hakuna aliyeona tatizo. Mwaka ule mafuta ya kupikia na sabuni vilikuwa vimepanda bei, na mara nyingi hakikutosha.

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai ilikuwa siku ya kumwaga linta. Zege la linta halimwagwi nusu leo na nusu kesho, kwa sababu pale litakapounganishwa patakuwa na udhaifu. Likianza, limalizwe. Fundi alileta vibarua wengine wanne. Mimi nilikuwa nyumbani, nikavua viatu nikabeba karai pamoja nao. Giza liliingia tukiwa bado tunamwaga, baba ameshika taa. Tulimaliza saa mbili na nusu usiku. Mama alikuwa amepika mchana kwa watu watano, na sasa alipika tena kwa watu tisa, pamoja nami niliyekuwa wa kumi. Tulinawa, tukakaa juu ya matofali, tukala posho na maharage tukisifiana. Nilikula sahani mbili. Nilijiona mwanamume kati ya wanaume.

Nilipoingia ndani nilimkuta mdogo wangu amelala ameketi, kichwa chake juu ya mfuko wa saruji, daftari la hesabu limefunguka mapajani. Aliachiwa maswali ya kurudia kwa ajili ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Nilimwuliza mama kama ameshakula. Mama alinionyesha sufuria. Ilikuwa imekwanguliwa. "Amekunywa chai," alisema, akaanza kuosha vyombo gizani. Chai ile ilikuwa ya rangi, bila sukari. Nilihesabu sahani zangu mbili, nikanyamaza. Sikumwamsha. Nadhani niliogopa kwamba akiamka atasema ana njaa.

Wiki iliyofuata baba alitusomea daftari lake. Alikuwa mwangalifu sana: kila mfuko wa saruji, kila lori la mchanga, kila bati, kila siku ya fundi. Jumla ilikuwa imefika milioni 21 na laki nne, na siku za mafundi zilikuwa 61. Alifunga daftari akasema, "Nyumba hii nimeijenga kwa jasho langu." Hakuwa akijisifu kwa ubaya. Alikuwa amechoka. Mimi ni shahidi kwamba kwa miezi ile alitembea kwa miguu kutoka kazini ili asilipe nauli, na viatu vyake vilikuwa vimepasuka. Mama alikuwa akikoroga uji. Hakugeuka. Alisema neno moja, kwa Kiganda, ambalo kwa Kiswahili ningelitafsiri hivi: "Andika na mkaa."

Baba alicheka kidogo, akidhani ni mzaha, halafu akaona hakuna anayecheka. Mkaa wote wa kuwapikia mafundi mama alikuwa akiununua kwa fedha za nyanya zake. Hakuwa ameulizwa na hakuwa ameudai. Haukuwa kwenye daftari.

Usiku ule nilichukua karatasi nikajaribu kuandika yasiyokuwa kwenye daftari. Siku 61 mara watu watano ni sahani 305 za mchana na vikombe 305 vya chai, bila kuhesabu siku ya linta. Maji ya kuchanganyia mchanga na ya kupikia yalitoka kwenye bomba lililo mita 200 kutoka kwetu, na mama na wadogo zangu waliyabeba kwa madumu ya lita 20. Nilimwuliza mdogo wangu kwa siku walibeba mangapi, akasema 15, wakati mwingine zaidi. Siku 61 mara 15 ni madumu 915. Kwenda na kurudi ni mita 400 kwa kila dumu. Jumla ni kilomita 366, na nusu yake kichwani kuna kilo 20. Na hapo kazi ilikuwa bado haijaisha. Nilipofika kwenye usingizi wa watoto na kitabu kilicholowa, sikujua niandike namba gani.

Hebu sasa turudi kwenye methali. "Mvumilivu hula mbivu" ina watu wangapi ndani yake? Ina mmoja. Yule anayevumilia ndiye atakayekula. Mtu akijinyima sukari leo ili anunue bati kesho, methali inamfaa kabisa: hasara ni yake, uamuzi ni wake na faida ni yake. Lakini baba aliposema "tuvumilie", methali ilibadilika bila sisi kutambua. Aliyeamua alikuwa mmoja, waliovumilia walikuwa saba kwa viwango tofauti, na watakaokula hawajulikani bado. Tuko watu wazima ambao tutahama. Yuko bibi, ambaye alisema jambo nililoliandika siku hiyohiyo nisije nikalisahau. Baba alimwambia avumilie vumbi kwa kuwa atapata chumba chenye dirisha kubwa. Akajibu: "Mwanangu, ninyi mna kesho nyingi. Mimi nina leo, na leo yangu mmeiwekea saruji."

Mtu anaweza kunipinga hivi: kama kila mtu katika nyumba angelazimika kukubali kila usumbufu, hakuna nyumba ambayo ingejengwa. Watoto hawajui faida yao, na mzazi hupewa mamlaka kwa sababu hiyo. Hoja hii ina nguvu, na siwezi kuipuuza. Bila baba tungekuwa bado chini ya mabati yaliyotoboka, na mvua ya masika ingetulowesha kila mwaka. Walakini hoja hii inathibitisha tu kwamba mzazi anaweza kuamua. Haithibitishi kwamba anaweza kuamua bila kuuliza, wala kwamba gharama za wengine zisihesabiwe. Mama yangu si mtoto. Bibi, ambaye kiwanja chenyewe ni chake, si mtoto. Hata mdogo wangu wa miaka 13 angeulizwa, angeweza kutaja kitu kimoja ambacho hakitakiwi kuguswa: meza ya kusomea na sahani ya jioni. Ni ombi dogo. Lisilowezekana ni kulitimiza wakati hakuna aliyelisikia.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo. Nilipolisoma darasani nilifikiria utumwa na vita. Sikufikiria mbao za kitanda. Sasa naona kwamba kosa hili halihitaji mtu mbaya. Linahitaji tu mtu mwema mwenye mchoro mkononi, anayeitazama kesho kwa bidii kiasi kwamba watu walio mbele yake wanakuwa sehemu ya vifaa. Saruji hulalamika kwa kuganda, kwa hiyo ilitafutiwa mbao. Watoto hawakulalamika.

Jambo hili halikai nyumbani tu. Sisi wanafunzi wa Uganda tunasoma habari za vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, Tanzania ikajibu, na pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni wakapigana hadi Kampala ikaanguka mwezi wa Aprili 1979. Baada ya vita Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ilipita na mikanda haikufunguliwa. Watu waliendelea kupanga foleni za sabuni na sukari miaka ya 80. Sina nia ya kuwalaumu walioamua vita vile. Mimi ni mmoja wa waliokula mbivu zake, kwani wazazi wangu walimwondokea Amin kwa nguvu za wakulima wa Tanzania ambao hawakuwahi kutuona. Ndiyo maana deni lile naliona wazi: Mtanzania aliyekosa sabuni na Mganda aliyepata uhuru hawakuwa mtu mmoja. Hata hivyo Nyerere alifanya jambo ambalo kwetu halikufanywa vizuri. Aliomba hadharani, akataja idadi ya miezi, na idadi hiyo ndiyo iliyowapa watu haki ya kuuliza ilipopita. Kwetu wiki sita zilipopita hakuna aliyeuliza. Tulizoea.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kwangu. Je, kuhesabu sahani na madumu ndani ya familia si kuivunja familia? Mama hatoi risiti kwa watoto wake. Mtu akiandika kila alichompa mwenzake, mapenzi yamekuwa biashara. Nilikaa na pingamizi hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba hesabu haikuanzishwa na mama. Ilianza siku baba alipofungua daftari. Kama hakuna anayehesabu, ni sawa. Wote wametoa, na Mungu anajua. Lakini mmoja akihesabiwa fedha zake na mwingine asihesabiwe mkaa wake, ukimya unakuwa uongo. Na mama hakudai alipwe. "Andika na mkaa" si dai la malipo. Ni dai la kuonekana.

Hapa Kiswahili chenyewe kilinisaidia kujiona. Miezi ile yote rafiki zangu wa chuoni waliponiuliza kwa nini nakwenda nyumbani kila Ijumaa, nilijibu kwa fahari: "Tunajenga." Tunafundishwa kwamba kiambishi "tu" ni cha nafsi ya kwanza wingi. Katika Kiganda ni hivyohivyo: "tuzimba". Kiambishi hiki kidogo kinaweza kubeba watu saba, lakini hakisemi nani amebeba nini. Niliposema "tunajenga" nilikuwa ndani yake, mimi niliyekuja siku mbili kwa wiki na kula sahani mbili. Mama alikuwa ndani yake vilevile. Na fundi ana mwiko wa kupakia saruji, na mama ana mwiko wa kusongea posho. Kiswahili kimevipa vyombo hivyo jina moja. Sisi tuliupa mmoja mshahara na chai ya saa nne, na wa pili tukaudhani ni sehemu ya moto.

Basi jibu langu ni lipi? Naamini mtu anaweza kuomba leo ya wenzake kwa ajili ya kesho, na pengine hakuna jema kubwa linalojengwa bila ombi hilo. Lakini liwe ombi. Anayeombwa aulizwe ni kitu gani hawezi kukikosa, na kitu hicho kilindwe kabla ya saruji. Muda utajwe, na ukipita, watu waitwe tena sebuleni. Kilichotolewa kisichokuwa fedha kiandikwe, hata kama ni kwa maneno tu mbele ya watoto. Na uvumilivu ni wema ambao mtu hujihubiria mwenyewe. Akimhubiria mwingine huku yeye ndiye anayepongezwa na majirani, basi hicho si uvumilivu tena. Ni mkopo ambao mkopeshaji hakuambiwa. Niliyasema haya mimi pia ninayeshtakiwa nayo, kwa kuwa Jumamosi ile sufuria haikukwanguliwa na baba. Nilikuwa na sahani mbili mkononi, moja baada ya nyingine, na mlango wa sebule ulikuwa hatua kumi kutoka nilipoketi.

Ningependa kusema kwamba nilimpa baba ile karatasi yangu yenye kilomita 366. Sikuthubutu. Niliiacha ndani ya daftari lake, kwenye ukurasa wa mwisho. Hakusema kitu. Lakini mwezi wa Septemba, mafundi walipokuwa wamemaliza paa, alituita tena. Akasema zimebaki fedha kidogo. Alikuwa amefikiria kuweka dari ya sebule, ila anataka kwanza kusikia. Akamgeukia mama: "Kipi kifuate?" Sikuwahi kumsikia akiuliza hivyo tangu Februari.

Wote tulingoja mama aseme jiko. Mama alifikiri, akasema: "Mbao za kitanda."

Baba alikwenda mwenyewe kuzitoa. Mifuko ilikuwa imebaki miwili. Mbao zilikuwa zimeshikwa na saruji iliyomwagika ikaganda, akakaa chini akazikwangua kwa mwiko wa fundi hadi usiku, na mdogo wangu akamshikia taa. Kitanda kilisimama tena, ingawa kinalia ukigeuka. Mdogo wangu alifanya mtihani wake mwanzoni mwa Novemba akapata daraja la pili. Alitarajia la kwanza. Labda ni ile chai, labda ni kitabu kilicholowa, labda hata angelala na meza yake mwenyewe angepata la pili. Hakuna anayeweza kujua, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu gharama isiyoweza kuthibitishwa ndiyo rahisi kuliko zote kusahauliwa.

Jiko jipya sasa limefika usawa wa madirisha. Halina paa. Mama anapika humo hivyohivyo, turubai limewekwa juu, na moto hauyumbi tena. Sikukuu ya Pasaka alipika matoke ya kufunga. Alimpa bibi kwanza, akifuatiwa na watoto. Mimi nilipewa wa mwisho, na sijui kama alikusudia, lakini nilishukuru.